Mume wangu anaonekana amepona jeraha la kichwa, lakini nyumbani si yule: hii ni tabia au ni ugonjwa?

MkeWaFundi, Dodoma mjini

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu jambo hili nimelibeba kwa miezi 14 bila kumweleza mtu yeyote kwa ukamilifu.

Mume wangu ni fundi cherehani mwenye ofisi karibu na Soko la Majengo, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka 19. Mwezi wa Machi mwaka jana alipanda bodaboda akitokea Nkuhungu, bila kofia ngumu, na walipofika kwenye makutano gari dogo likawagonga ubavuni, naye akaangukia kichwa. Alilazwa siku 17. Karatasi ya ruhusa inasema alifikishwa akiwa na alama 10 kati ya 15 za GCS, kipimo cha fahamu, na kwamba picha ya CT ilionyesha ubongo umechubuka upande wa mbele, ila hapakuwa na haja ya upasuaji. Bega lililovunjika limeunga, kovu juu ya jicho limebaki kama mstari wa chaki, anatembea, anaongea, anakwenda ibadani. Kila anayemwona ananipa mkono na kuniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa amepona, nami nashukuru kweli.

Lakini mimi ndiye ninayeishi naye. Januari, katika msimu wa sare za shule, mama mmoja wa kwaya alileta kitenge cha gauni. Mume wangu alipima, akakata, akashona kiwiliwili vizuri kabisa, na alipofika kwenye mikono tukagundua kwamba yote miwili aliikata ya kushoto, na kitambaa kilichobaki hakikutosha hata kola. Kijana wake wa kazi alipomwonyesha, alicheka kama mtu anayesimuliwa habari za jirani, kisha ghafla akatupa mkasi ukutani na kuondoka. Gauni tulilipa. Si mara ya kwanza. Anaweza kuanza kutoboa vifungo, simu ikaita, na baada ya mazungumzo asikumbuke kabisa kwamba alikuwa na shati mkononi. Ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, ikiwashwa huku redio inaongea, anashika kichwa kwa mikono miwili na kurudi nyumbani. Saa sita mchana analala hadi saa kumi, na akiamka anasema amechoka kuliko alipolala.

Wiki iliyopita maharage yaliungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, naye ameketi hatua mbili kutoka kwenye jiko. Alisema hakusikia harufu yoyote. Siku nyingine nilimpa shilingi 180,000 za vitambaa akarudi na saa tatu za mkononi, zote za kiume. Watoto wakimwuliza jambo mara mbili anafoka, wakati zamani ndiye aliyekuwa akinituliza mimi. Nikisema twende hospitali anajibu kwamba yeye hana tatizo, mwenye tatizo ni mimi.

Mama mkwe, ambaye yupo Bahi, anasema mwanawe amechezewa na watu. Shemeji anasema ni uvivu umepata kisingizio. Majirani nadhani wananisema mimi. Ninachoomba kujua ni kama haya yanatokana na ajali au ni tabia mpya tu ya mtu aliyechoka maisha, kama kuna siku yatakwisha, na namna gani naweza kumsaidia bila kumvunjia heshima yake kama baba wa nyumba.

Mzee wa Ihumwa

Binti yangu, pole. Mimi sioni ugonjwa hapo. Mtu aliyelelewa hospitalini kwa siku 17 na kisha nyumbani kwa miezi mingi huzoea kuhudumiwa. Mpe kazi za shuruba, achimbe, abebe, na usimwamshe mchana wala usimbembeleze, akili itarudi yenyewe. Uangalie pia kama hanywi kwa siri, kwa maana hayo ya saa tatu za mkononi nimeyaona kwa wanywaji.

MkeWaFundi, Dodoma mjini

Shikamoo, mzee. Nakushukuru kwa kunijibu. Hajawahi kuonja pombe tangu nimfahamu. Kuhusu shuruba, mwezi wa Novemba kaka yake alimpeleka shambani kulima kwa siku tatu mfululizo, na siku ya nne hakuweza kukumbuka jina la mtoto wetu wa mwisho mpaka jioni.

Tabibu wa Utengamao, Kanda ya Kati

Dada, pole sana. Nafanya kazi na watu waliopata majeraha ya ubongo, lakini kwa kuwa sijamwona mumeo, yachukue haya kama maelezo ya jumla ya kukusaidia kuuliza maswali kliniki. Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: karibu kila ulichokitaja kinajulikana sana kwa watu waliochubuka ubongo upande wa mbele, na ungeniandikia bila kutaja ajali ningekuuliza kama alianguka.

Ubongo ni laini kama uji ulioganda, nao umekaa ndani ya fuvu ambalo sakafu yake, hasa juu ya macho na pembeni mwa masikio, ina kingo kali. Kichwa kinaposimama ghafla ubongo huendelea kwenda, hujipigiza na kukwaruzwa na kingo hizo, na nyuzi ndefu zinazopeleka taarifa kutoka sehemu moja hadi nyingine huvutwa hadi kukatika. Michubuko mikubwa huonekana kwenye picha ya CT. Nyuzi zilizokatika mara nyingi hazionekani, ndiyo maana wapo wanaoambiwa picha ni safi na bado hawawezi kumaliza kazi ya asubuhi moja.

Sasa tazama ile mikono miwili ya kushoto, kwa sababu inaeleza mengi. Sehemu ya mbele ya ubongo haishoni. Inachofanya ni kupanga nini kianze na nini kisubiri, kushikilia jambo moja akilini wakati jingine linafanyika, kukagua kosa kabla mkasi haujashuka, na kuzuia neno au hasira isitoke. Ustadi wa mikono uliozoewa kwa miaka 19 umehifadhiwa kwingine, na mara nyingi hubaki salama. Kwa hiyo mtu anaweza kushona mstari ulionyooka kuliko wa kijana wake, na wakati huohuo akashindwa kukumbuka kwamba mkono alioukata dakika mbili zilizopita ulikuwa wa upande gani. Anayemtazama akishona vizuri husema akitaka anaweza, na hapo ndipo lawama ya uvivu inapozaliwa.

Kusema kwamba hana tatizo nako si uongo wala kiburi, japo najua kunavyouma. Sehemu iliyojeruhiwa ndiyo ambayo ingemwambia kwamba kuna kosa. Ukibishana naye wakati wa tukio hutashinda. Subiri ametulia, kisha mwonyeshe kitu chenyewe, nguo au hesabu, na umwulize yeye angependa kifanyike nini mara nyingine.

Kuhusu harufu, neva zake ni nyembamba mno na hupita kwenye mfupa wenye matundu kama chujio juu ya pua, kwa hiyo ubongo ukiteleza hukatika kwa urahisi. Wengine hurudiwa na uwezo huo katika mwaka wa kwanza, na kadiri muda unavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua. Hili lichukulie kwa uzito wa usalama, maana kama mnatumia mtungi wa gesi yeye hatajua ukivuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa na kukaa chini sakafuni.

Usingizi wa mchana usiufanyie vita. Kazi ambayo zamani ubongo wake uliifanya bila yeye kujua, sasa anaifanya kwa kujilazimisha, na kujilazimisha huko kunachosha kama kubeba mizigo. Siku tatu za jembe zilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa kitengo chetu angelitabiri. Namheshimu mzee aliyetangulia, lakini ushauri wa shuruba utamrudisha nyuma. Afadhali alale dakika 30 au 40 kwa saa maalumu kabla hajachoka kabisa, kuliko kuanguka saa sita na kuamka saa kumi. Kliniki waombe pia wapime homoni zinazotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa kuwa nayo huweza kuumia, na dalili zake ni uchovu usioisha na kukosa hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wanandoa wengi hunyamazia. Na kama anameza dawa za maumivu ya kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa zenyewe zinaweza kuwa zinaleta maumivu.

Ile karatasi yenu: GCS ni kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974, kinachotazama kufumbua macho, kuongea na kusogeza viungo, kuanzia alama 3 hadi 15. Alama 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini kali. Lakini hiyo ni picha ya siku ya kwanza. Swali linalotusaidia zaidi kujua mbele kutakuwaje ni kwamba zilipita siku ngapi tangu ajali hadi kumbukumbu zake zilipoanza kuungana siku hadi siku bila kukatika. Zikizidi 7, athari za muda mrefu hutarajiwa zaidi. Muulize taratibu kitu cha kwanza anachokikumbuka cha hospitalini.

Kama yatakwisha? Miezi 6 ya mwanzo ndiyo ya kasi, kisha mwendo hupungua, lakini watu huendelea kupata nafuu hadi mwaka wa pili na hata baadaye. Yapo yatakayopungua na yapo atakayojifunza kuishi nayo. Mwaka 1848, huko Vermont nchini Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipitiwa na mtaimbo wa kilo 6 kuanzia shavuni hadi utosini. Hakufa, na daktari wake aliandika kwamba tabia yake ilibadilika hadi rafiki zake wakaona si Gage waliyemjua. Vitabu vingi huishia hapo, na mimi huona ni kosa, kwa sababu mwaka 1852 alikwenda Chile na kwa miaka kadhaa akaendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi, kazi yenye saa ileile ya kuondoka, njia ileile, na mambo yaleyale ya kufanya kila asubuhi. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba mpangilio huo usiobadilika ndio uliomrudishia utu wake. Alifariki mwaka 1860 baada ya kupata vifafa.

Hilo la mwisho sikulitaja kwa kutisha. Kifafa kinaweza kuanza miezi au miaka baada ya jeraha, na si lazima aanguke. Pengine ataduwaa ghafla, atafunetafune midomo, asikuitikie. Akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na ukipita muda wa dakika 5 mpelekeni hospitali. Vilevile mpelekeni bila kusubiri kama maumivu ya kichwa yanazidi siku hadi siku, anatapika, anasinzia kuliko kawaida au upande mmoja wa mwili unalegea.

Dereva wa Zamani, Kibaigwa

Shemeji, mimi naandika kutoka upande wa mumeo. Nilikuwa dereva wa lori la mahindi, Kibaigwa hadi Dar es Salaam, na miaka 6 iliyopita lori lilipinduka karibu na Gairo. Mke wangu amenisomea maelezo yako kwa sauti, tukasimama mara tatu kwa sababu alishindwa kuendelea.

Daktari ameeleza vizuri, ila acha niseme kunavyokuwa ndani. Zamani nikiingia gulioni kichwa kilikuwa kinachagua chenyewe: mtu anayenitajia bei namsikia, mashine ya kusaga siisikii. Baada ya ajali sauti zote zikawa zinaingia kwa ukubwa mmoja, mpiga debe, mashine, mtoto anayelia, mtu anayenitajia bei, na hakuna hata moja inayokaa nyuma ya nyingine. Ukinisemesha wakati huo naona mdomo wako unacheza, basi. Mumeo akishika kichwa ovaloki inapowashwa, hafanyi maonyesho. Zimeni redio, na kama ofisi ina pembe, ovaloki ikae mbali na meza ya kukatia.

Hasira nayo ni kama maziwa jikoni. Mtu mzima wa kawaida huona povu likipanda, hupunguza moto. Mimi hiyo nafasi ya kuona povu ilipotea. Nilikuwa nashtukia yameshamwagika, mtoto analia, na mimi mwenyewe sijui niliyasema yapi. Aibu inakuja baadaye, na kwa mwanaume aibu hiyo mara nyingi hutoka nje ikiwa imevaa nguo za ukali, hivyo familia inaonja mara mbili. Kwetu tulikubaliana neno moja siku ya utulivu. Mke wangu akisema "maji", naondoka kwenda kunywa maji uani bila kuulizwa kwa nini, na hakuna mtu anayenifuata. Miezi ya kwanza niliondoka nikiwa nimenuna. Siku hizi wakati mwingine nalisema mwenyewe.

Ya kusahau: nina kidaftari kilichofungwa kamba shingoni, kinakaa ndani ya shati. Mwanzo nilikikataa kwa kuwa niliona ni cha watoto wa chekechea. Kilichonigeuza ni kwamba mke wangu aliacha kuniuliza "umesahau tena?" akawa ananiuliza "daftari linasemaje?" Utaona ni maneno tu, lakini la kwanza lilikuwa linanihukumu mimi, na la pili linamsaili daftari. Sasa nahesabu magunia kwenye ghala la ndugu yangu. Kila gunia likipita, punje moja ya mhindi inahama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na jioni tunahesabu punje. Walinicheka. Tangu nianze, hesabu ya ghala haijapishana na ya mnunuzi hata gunia moja.

Sijaendesha tena. Mwaka wa pili nilianza kupata kifafa, nameza dawa kila siku, na mara moja niliziacha kwa sababu niliambiwa nimeombewa na nimepona, nikaangukia kwenye jiko la mkaa. Sikatazi maombi, mimi mwenyewe naomba. Nasema tu mama mkwe wako asije akamtoa kwenye dawa, na mumeo asiachwe apande bodaboda kama dereva. Na fedha nyingi asishike peke yake kwa sasa. Si kwa kumnyang'anya, bali kila kununua kuwe na orodha iliyoandikwa na mtu wa kwenda naye, kama vile ambavyo hata fundi mzima huenda na kijana wake sokoni.

Afisa Ustawi (mstaafu), Chamwino

Nitaongeza machache ambayo wenzangu hawakuyagusa.

Dada, umesema waligongwa na gari. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ipo? Gari lililowagonga lilipaswa kuwa na bima ya lazima kwa ajili ya watu wengine, na madhara ya kudumu kwa uwezo wa kufanya kazi ni sehemu ya madai, si gharama za hospitali pekee. Wengi hudai bega lililovunjika kwa sababu lina picha, na ubongo hawautaji. Mwombeni daktari aandike ripoti inayoeleza kumbukumbu, uchovu na upotevu wa harufu, na mtafute msaada wa kisheria mapema, kwa kuwa mashauri ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3 na ninyi mmeshatumia miezi 14.

Pili, ulemavu si lazima uonekane kwa macho. Mumeo akitathminiwa na kutambuliwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, anaweza kuingia kwenye kundi linalolengwa na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Tatu, ikiwa daktari wa rufaa atawaelekeza Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nendeni. Hapa kwetu jina hilo limegeuzwa tusi la vijiweni, na nimeona familia zikiacha matibabu ya sonona, au hata ya kifafa, kwa kuogopa kuonekana getini. Huzuni nzito baada ya jeraha la ubongo ni ya kawaida sana na ina tiba. Nawe mwenyewe, dada, unalala saa ngapi? Katika maelezo yako yote hukuandika hata mstari mmoja unaokuhusu wewe.

MkeWaFundi, Dodoma mjini

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na la kueleza. Zimepita wiki tatu.

Nilisubiri Jumapili jioni, watoto wamelala, nikalitandaza lile gauni la mama wa kwaya mezani bila kusema kitu. Aliligeuza, akaingiza mkono wake kwenye mkono mmoja wa gauni, kisha kwenye mwingine, akakaa kimya muda mrefu. Akaniuliza, "Hili nilikata mimi?" Nikajibu ndiyo. Hakubisha. Nikamuuliza kama fundi angefanya nini mara nyingine, naye akasema tuandike kwa chaki kabla ya kukata. Asubuhi tukajaribu kwenye kitambaa cha mazoezi, na kijana wake ndiye aliyegundua kwamba kulia na kushoto zote zinaanza na K, na herufi peke yake haisaidii. Mume wangu alicheka, safari hii kicheko chake cha zamani, akachukua uzi mwekundu akapiga mshono mmoja kwenye patani, yaani kielelezo cha kukatia, ya mkono wa kulia. Tangu hapo kila mkono wa kulia una uzi mwekundu mpaka siku ya kupiga pasi. Amekata magauni manne, na moja tu lilikuwa na kosa, nalo la kiuno.

Si kila kitu kimekwenda. Neno letu ni "upepo" badala ya "maji", na mara mbili amekataa kuondoka, mara moja akanijibu vibaya mbele ya mgeni. Shemeji bado anasema tunamdekeza. Mama mkwe nilimsomea sehemu ya dereva aliyeangukia jikoni, akaniambia ataendelea kuomba ila dawa hatazigusa, na mimi hilo limenitosha.

Kliniki tulikwenda Jumanne. Daktari alimuuliza kitu cha kwanza anachokikumbuka, akasema ni magurudumu ya kitanda yakilia koridoni na binti yetu akiwa na sare ya shule. Nilihesabu kwa vidole: binti alimwona kwa mara ya kwanza siku ya 12, kwa sababu kabla ya hapo hawakuruhusu watoto. Siku zote zile nilizokaa pembeni yake nikimlisha uji, akinijibu na kuniita jina langu, hazimo. Wamechukua damu kwa ajili ya homoni, na ripoti ya bima tumeahidiwa baada ya majibu. PF3 ilikuwa kwenye bahasha ya karatasi za ruhusa.

Afisa, uliniuliza nalala saa ngapi. Kwa sasa saa tano usiku hadi saa kumi. Dada yangu wa Kondoa anakuja mwezi ujao kukaa nasi kwa wiki mbili.

Dereva wa Zamani, Kibaigwa

Shemeji, huo uzi mwekundu nimempenda aliyeubuni. Mpe salamu zangu, na kama ana simu na hachoki kusikiliza mapema asubuhi, mimi saa moja hadi saa tatu kichwa kinakuwa chepesi, tuzungumze fundi na dereva. Mtungi wa gesi mmeuhamisha?

MkeWaFundi, Dodoma mjini

Upo nje chini ya dirisha la jiko, na bomba limepitishwa ukutani. Yeye mwenyewe ndiye aliyepima urefu wa bomba kwa futikamba, akauandika kwenye kidaftari, kisha akaniita nipime tena.